Mpwa wangu anapigana mikono chini kama Naseem, nifanyeje?

Kona Nyekundu: Wakuu habari za jioni. Nipo Sheffield, Uingereza, mpwa wangu ana miaka 19 anapiga ngumi za ridhaa, anatumia kushoto. Kichwani mwake ni Naseem Hamed tu, yule bingwa wa zamani wa hapa, mikono ipo kiunoni anategemea macho. Jumamosi ana pambano. Nataka afunge gadi, mikono juu kulinda uso, kama bingwa wa zamani wa uzito wa juu Lennox Lewis, mkono mrefu wa mbele uanze, hasikii. Sina usingizi.

Mtoto wa Temeke: Lewis wa nini, mkali wao ni bondia Joe Calzaghe! Mapambano 46 hajapoteza. 2008 Hopkins kamwangusha raundi ya kwanza kaamka kashinda, mwaka huohuo Roy Jones naye vilevile.

Mama Nasra: Mume wangu alipiga ngumi Tanga miaka hiyo, leo bega halimruhusu hata kuvaa shati mwenyewe. Mtoto asome.

Jicho la Ulingo: Naseem alilelewa na Brendan Ingle hapohapo Sheffield, sakafu imechorwa mistari, mtoto anafundishwa miguu miaka na miaka. Watu wanaona mbwembwe hawaoni miguu. Na bado Kevin Kelley alimwangusha mara 3 mwaka 1997, 2001 Barrera akamfundisha raundi zote 12. Ila mikono hajaanza kuishusha leo, kwa nini unaogopa Jumamosi HII? Kuna kitu hujasema.

Kona Nyekundu: Sawa. Wiki 3 zilizopita alipigwa akazimia kwenye sparingi, pambano la mazoezi, kama sekunde 10 hivi. Ilikuwa gym nyingine, kocha wake hajui. Lakini anakula vizuri, anakimbia, na ndugu wa London wameshakata tiketi. Lewis si alilazwa kwa KO na Rahman, akarudi akamlaza?

Jicho la Ulingo: Rahman ilikuwa Aprili 2001, marudiano Novemba. Miezi karibu 7 kaka! Wewe wiki 3, na kocha umemficha.

Chumvi Nyingi: Tunapigwa kamba hapa. Mwaka jana mleta uzi alikuwa Muscat anauza vipuri, leo Sheffield ana bondia?

Mtoto wa Temeke: Hahaha kweli, weka picha.

Kona Nyekundu: Muscat nilikaa miaka 6, nikaja huku kwa dada, ndiye mama wa huyu mtoto. Picha yake siweki.

Jicho la Ulingo: Kamba au sio kamba, bondia Michael Watson hakutungwa. 1991 alipigana na Chris Eubank uwanja wa White Hart Lane London, akaumia ubongo, siku 40 hajitambui, na alikuwa ametoka kumwangusha Eubank raundi ya 11. Muulize mtoto kichwa kikoje, muulize mkiwa wawili tu.

Mama Nasra: Fanya hivyo baba, usiku huuhuu.

Kona Nyekundu: Nimemuuliza. Kumbe akiinama kufunga viatu kichwa kinamgonga, alikuwa ananificha ili nisimzuie. Kocha nimempigia nimemwambia yote, asubuhi tunaenda hospitali. Dada bado sijamwambia.