Tupeane uzoefu: mtihani ulipopima lugha au macho badala ya somo

Mwalimu wa Baiolojia
Nimemaliza kusahihisha mtihani wa utamilifu wa kidato cha pili, na karatasi ya mwanafunzi mmoja imenisukuma kufungua mada hii. Nikimuuliza kwa Kiswahili jinsi damu inavyozunguka mwilini, hueleza vizuri kuliko wenzake wote. Kwenye karatasi, swali hilohilo ameliacha tupu. Amesoma miaka saba kwa Kiswahili, mtihani wa darasa la saba ameufanya kwa Kiswahili, kisha tukamdai ujuzi uleule kwa Kiingereza, ambacho nyumbani kwao hakizungumzwi wala sokoni hakisikiki. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitumike katika ngazi zote, lakini karatasi za sekondari zimebaki zilivyokuwa. Naomba walimu, wazazi na watahiniwa wa zamani, hasa wenye ulemavu, waeleze waliyoyaona katika chumba cha mtihani.

Binti Kahama
Ni kweli kabisa, Mwalimu. Wengi wetu tulikariri majibu ya Historia bila kujua tulichokuwa tunakiandika.

Mzazi Makini
Naheshimu hoja, ila sikubaliani nayo. Tukiwapa mtihani kwa Kiswahili leo, kesho watakwama chuo kikuu na kwenye usaili wa kazi. Dawa ni kufundisha Kiingereza vizuri tangu darasa la kwanza.

Mwalimu wa Baiolojia
Ndugu yangu, hakuna anayepinga Kiingereza kufundishwa. Kuna mtihani wa somo la Kiingereza, na huo umpime Kiingereza. Mtihani wa Baiolojia umpime Baiolojia. Maswali yakichapishwa kwa lugha zote mbili na mtahiniwa akaruhusiwa kujibu kwa anayoimudu, kiwango cha somo hakishuki.

Mzazi Makini
Na mwajiri naye atachapisha kwa lugha mbili?

Nukta Sita
Mimi sioni tangu utotoni, na nilifanya mtihani wa kidato cha nne kwa nukta nundu. Baraza la Mitihani humwongezea mtahiniwa asiyeona dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, na muda huo ni haki iliyonifaa sana. Lakini muda pekee hautoshi. Katika mtihani wa majaribio ulioandaliwa kwetu, karatasi ya Jiografia ilikuwa na swali la kusoma ramani, na katika nakala yangu ya nukta nundu ramani haikuwamo. Kulikuwa na maswali yanayoihusu tu. Nilimwita msimamizi, naye akaniambia nijibu ninayoyaweza. Nilibaki nimeweka vidole juu ya Perkins, mashine ya kuandikia nukta nundu, nikisikia kalamu za wenzangu zikikwaruza, nikijua kwamba alama zile zinanipita bila mtu kuniuliza ninachokijua. Ramani na michoro inaweza kuinuliwa ikasomeka kwa kugusa, au mtahiniwa akapewa swali mbadala lenye uzito uleule. Kuliondoa swali, au kuliacha bila ramani yake, ni kumnyima mtu mtihani.

Mama Nyarugusu
Nimesoma haya nikalia, kwa sababu nasi tumeyapitia huku Marekani. Sisi ni Wakongomani. Mwanangu alianza shule kambini Nyarugusu, Kigoma, kwa mtaala wa Kongo, yaani kwa Kifaransa, na nyumbani tunasema Kiswahili. Tulipofika huku aliwekwa darasani kwa Kiingereza, na kabla hajazoea hata sauti ya mwalimu wake, shule ikamwita kumpima akili. Walimpima kwa Kiingereza. Nikaitwa kikaoni, nikawekewa karatasi mbele yangu, wakanieleza kwamba mtoto ana upungufu wa akili na ahamishiwe darasa la peke yake, nami nitie sahihi. Mtoto huyo ndiye aliyekuwa akinihesabia chenji dukani! Nilikataa kusaini. Mwanamke mmoja wa kanisani kwetu aliyekuwa amepitia njia hiyo alinifahamisha kwamba sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu, ile wanayoiita IDEA, inataka mtoto apimwe kwa lugha yake inapowezekana, kwamba mzazi ana haki ya mkalimani kikaoni, na kwamba asiporidhika anaweza kuomba tathmini huru ambayo gharama yake hubebwa na wilaya ya shule. Nikaomba kwa maandishi. Alipopimwa upya kwa Kiswahili, ilionekana akili yake ni timamu, ila sikio moja halisikii vizuri. Hilo la sikio lilikuwa halijulikani, kwa sababu kila alipokosa kujibu walidhani ni lugha au ni akili.

Binti Kahama
Pole sana, mama. Na sasa anasikia? Amepewa kifaa?

Mama Nyarugusu
Amepewa, mwanangu, na anakaa mbele. Katika mitihani ya jimbo anaongezewa muda na anaruhusiwa kamusi ya lugha mbili isiyo na maelezo.

Mzazi Makini
Kwa heshima zote, mada inahusu Tanzania. Marekani wana fedha.

Wakili wa Elimu
Fedha hazikuwaamsha peke yake, wazazi waliwashtaki. Mwaka 1970 familia za California zenye asili ya Meksiko zilikwenda mahakamani kwa kisa kama cha mama huyu: watoto wao walipimwa akili kwa Kiingereza wakapelekwa madarasa ya wenye upungufu wa akili, na shauri likamalizika kwa makubaliano kwamba wapimwe kwa lugha ya nyumbani. Nasi tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Mzazi aandike barua, abaki na nakala yenye mhuri.

Mwalimu wa Viziwi
Barua ije baadaye, Wakili. Mzazi aanze kwa mwalimu wa elimu maalumu na kwa mkuu wa shule wakati wa usajili wa watahiniwa, kwa sababu hitaji lisipoandikwa pale, karatasi ya maandishi makubwa haitatumwa, na barua ya wiki ya mtihani haiwezi kuichapisha. Niongeze la wanafunzi wangu: lugha yao ya kwanza ni Lugha ya Alama ya Tanzania, kwa hiyo Kiswahili cha maandishi tayari ni lugha ya pili kwao, na Kiingereza ni ya tatu. Karatasi ya lugha mbili anayoiomba Mwalimu haitawafikia. Wanahitaji mkalimani wa maelekezo.

Mzazi Makini
Mkalimani si atawaonesha majibu?

Mwalimu wa Viziwi
Akae mkalimani asiyefundisha somo hilo, na msimamizi awepo. Wenzetu Kenya wamefika mbali zaidi: mtahiniwa kiziwi hufanya mtihani wa Lugha ya Alama ya Kenya mahali pa Kiswahili.

Nukta Sita
Mwalimu, nani hulipa mkalimani huyo katika shule yenu, halmashauri au wazazi? Kwetu tunataka kuomba mkalimani mmoja kabla usajili wa mwaka huu haujafungwa.