Wakuu, pesa za kikundi zimegoma kugawanyika, kikao Jumamosi

Mweka_Hazina
Habari za usiku wakuu. Niko Kibosho, Moshi. Tunavunja kikundi, tugawane sawa kwa sawa. Jumla ni 2,147,483,647. Kwa watu 212 kila mmoja anapata 10,129,639, zinabaki 179. Nikatoa marehemu watatu: kwa 209 zinabaki 78. Nimejaribu idadi nyingine, wapi. Nifanyeje?

Mangi_Mdogo
Wape 10,129,000 kila mtu. Zinabaki 135,647, nunueni mbege.

Mama_Ngaramtoni
Marehemu unawatoa, warithi wao je? Kikundi chetu mweka hazina alianza hivihivi na "hesabu zimegoma". Leo hata simu hapokei. Mwogope Mungu, mwanangu.

Mwl_Hesabu
Hutapata hata ukilala na kikokotoo. Namba hiyo ni tasa: inagawanyika kwa 1 na yenyewe tu. Ni 2 × 2 × 2 hivyohivyo mpaka 2 ziwe 31, toa moja. Mwanahisabati Euler alithibitisha mwaka 1772, bila mashine. Aliona kwamba kigawanyo chake tasa, kama kipo, ukikigawa kwa 248 lazima kibakize 1 au 63. Vya namna hiyo tu ndivyo akavipima hadi karibu na 46,340, akakosa. Raha yake hiyo kazi!
Sasa niambie, jumla hiyo umeitoa wapi? Maana ndiyo kikomo cha namba nzima kwa programu zinazotunza namba, chanya na hasi, kwa biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1.

Mweka_Hazina
Kwenye kompyuta.

Mwl_Hesabu
Na daftari linasemaje?

Mweka_Hazina
Haya. Daftari linasema 2,236,000,000. Tangu tuingize pesa za kiwanja, kompyuta haijasogea. Ila sijaiba, zote ziko benki! Mwenyekiti ameshasaini taarifa ya kompyuta, nikibadilisha sasa nitaonekana mwizi. Nimeona tugawane hizo, milioni 88 zinazozidi zikae kama akiba ya dharura.

Mama_Ngaramtoni
Dharura ya nani?

Fundi_Kompyuta_Ar
Mnajua Jumanne 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu, mitambo inayohesabu sekunde tangu 1970 kwa biti 32 itafika namba hiyohiyo? Mimi nitakuwa nimestaafu, nakunywa kahawa tu.

Mzee_wa_Kaloleni
Hii ni chai, tena ina tangawizi. Namba maarufu hivyo ije kuangukia Kibosho? Nilishaona programu ikipita hapo, iligeuka hasi 2,147,483,648. Haikuganda.

Mwl_Hesabu
Inategemea, mzee. Nyingine hugeuka hasi, nyingine hugota hapo juu. Ila na mimi nimeanza kusikia harufu ya majani. Tupia picha ya daftari.

Mangi_Mdogo
Akiba ya dharura ya milioni 88, kikundi kimeshavunjwa 😂 Nani atapata dharura?

Mweka_Hazina
Daftari liko kwa mwenyekiti. Chai au si chai, Jumamosi saa nne watu 212 wananisubiri. Hamjanijibu: hizo 179 anapewa nani?