Kwa nini visiwa viwili vya Shelisheli vina majina ya merikebu?

MpendaRamani: Wadau, nimekodolea ramani ya Shelisheli jioni nzima. Mahé ni jina la gavana, Praslin ni jina la waziri wa Ufaransa. Sasa nasikia La Digue na Curieuse ni majina ya merikebu. Imekuwaje chombo kikapewa kisiwa?

BahariaMstaafu: Ni kweli, mwanangu. Mwaka 1768 merikebu La Digue na La Curieuse zilifika huko katika msafara wa baharia Mfaransa Marion Dufresne, kutoka Île de France, yaani Mauritius ya leo. Curieuse kabla ya hapo kiliitwa Kisiwa Chekundu kwa sababu ya udongo wake.

Mimi nimekula chumvi ya bahari miaka mingi, na naona jina limekwenda panapostahili. Watu hukumbuka bendera tu, husahau merikebu zilizofanya kazi. Lakini rudi nyuma hadi 1742: gavana Mahé de La Bourdonnais alimtuma Lazare Picault na vyombo viwili, Élisabeth na Charles, atafute njia fupi ya kwenda India. Ukitoka Mauritius kuelekea kaskazini, kusi linakusukuma vizuri. Hatari ni miamba usiyoijua, usiku, huku upepo uko nyuma yako. Picault alifika Novemba, wakati wa maleleji, pepo zinapobadilika, akakuta maji matamu, minazi na kobe wakubwa, wala hapakuwa na mkazi. Kisiwa cha Mahé cha leo Picault akakiita Kisiwa cha Neema.

Kijana_Historia: Shikamoo mzee. Niongeze kidogo: Wafaransa hawakuwa wa kwanza. Waingereza wa merikebu Ascension walishuka huko mwaka 1609, wakaondoka zao. Wafaransa ndio waliorudi tena na tena. Mwaka 1756 nahodha Morphey alikuja na merikebu Le Cerf akasimika jiwe lenye nembo ya mfalme wao.

BahariaMstaafu: Marahaba. Umenena vyema, na huko kurudi ndiko kulikozaa ramani.

MpendaRamani: Asanteni sana. Mzee, walijuaje mahali pa kutia nanga kama hakuna aliyewatangulia kuandika?

BahariaMstaafu: Kwa bildi, mwanangu. Ni kipande cha risasi kwenye kamba yenye alama za pima, na chini yake kuna kishimo kinachojazwa mafuta magumu ya mnyama. Ukikivuta, unatazama kilichonata. Mchanga au tope, nanga itashika. Vipande vya matumbawe, ondoka hapo: kamba za nanga zao zilikuwa za katani, si minyororo, na tumbawe huisaga kamba usiku kucha hadi ikakatika. Basi mashua hutangulia mbele ya omo, yaani sehemu ya mbele ya merikebu, mtu anatupa bildi na kuita pima kwa sauti, karani anaandika, na merikebu inafuata polepole kwa tanga dogo.