Naombeni ushauri, hili gemu la Squad linanitoa kamasi
Wakuu habari za jioni, niko huku Uyole Mbeya, baridi mpaka vidole vinagoma kwenye kibodi. Wiki hii nimeanza Squad, lile gemu la vita la mtandaoni la watu 50 kwa 50, sasa mimi nimezoea magemu ya kukimbia na kumwaga risasi, huku nikichungulia tu dirishani nishalala chini na aliyenipiga hata sijamuona 😂. Jana namsubiri mediki (mchezaji wa kutibu majeruhi), kafika kainama tu na yeye kadunguliwa, tukalala wawili. Kiongozi wa kikosi anafoka kwenye maiki, ramani yenyewe siielewi. Mgeni aanze na umediki au bunduki ya kawaida? Na mnajuaje risasi imetokea wapi? Maiki ninayo ila Kiingereza cha kuungaunga, msinicheke.