Mwezi mpevu juu ya nyumba za kale za Riddarholmen, Stockholm: mbona unakimbilia kulia?

Msafiri_Unguja: Wakuu, naombeni msaada. Nataka mwezi mpevu wa Desemba ukae nyuma ya mnara wa kanisa la Riddarholmen na majumba ya kale yanayolizunguka, nikipigia kutoka njia ya Monteliusvägen. Kamera ni fremu kamili (yenye kihisi kikubwa), lenzi ya milimita 100–400. Mwezi unachomoza pale ninapotarajia, lakini kabla haujavuka mapaa umeshahamia kulia. Zanzibar unapanda wima tu! Tena nyumba zikitoka vizuri, mwezi unabaki doa jeupe. Na picha za Desemba 2015 zinauonyesha mbali kabisa, upande wa Gamla stan, mji mkongwe. Shida iko wapi?

Dira_na_Lenzi: Shida ni latitudo, ndugu. Zanzibar iko digrii 6 kusini mwa ikweta. Stockholm iko digrii 59 kaskazini, na huko mwezi mpevu wa Desemba unachomoza kaskazini-mashariki kisha unapanda kwa mshazari. Kwa kila digrii moja ya kupanda, unakwenda kulia kama digrii tatu. Kwa hiyo usipange kwa kufuata pale unapochomoza. Fungua PhotoPills, programu ya simu ya kupanga picha, tafuta dakika ambayo mwezi uko digrii 2 hadi 3 juu ya upeo, kisha soma uelekeo wake wa dakika hiyo. Huo ndio uelekeo wa kutafutia pa kusimama.

Kanisa liko mita 500 na ushee kutoka Monteliusvägen. Kwa umbali huo mwezi unafunika kama mita 5 za jengo, yaani ghorofa moja na kitu. Anza upande wa mashariki wa njia, na mwezi ukikukimbia kulia, sogea kushoto kama hatua kumi na tano kila dakika tano. Ndiyo maana stendi iwe nyepesi, na sehemu utakazosimama uzikague mchana, kwa sababu miti na kuta zinaziba baadhi ya pembe.

Kuhusu 2015: njia ya mwezi inapanuka na kujikunja kwa mzunguko wa miaka 18.6. Desemba 2015 ulichomoza kwenye digrii 50 hivi kutoka kaskazini, Desemba 2025 karibu digrii 30. Usinakili pembe ya picha ya mtu bila kuangalia mwaka.

Bi_Shata: Naongezea upande wa mwanga. Mwezi ni jiwe lililopigwa na jua la mchana. Ukiwa juu, f/11 (tundu la lenzi), ISO 200 (wepesi wa kihisi kwa mwanga) na 1/200 ya sekunde inatosha. Ukiwa digrii 3 tu juu ya mapaa, hewa nzito inaufifisha sana, kwa hiyo anza na f/8, ISO 400, 1/100, kisha angalia histogramu, yaani grafu ya mwanga kwenye kamera. Pima mwanga kwenye mwezi wenyewe, kamwe usiupime kwenye theluji iliyo mapaani.

Desemba jua linazama karibu saa tisa alasiri, na mwanga wa machweo unadumu kama dakika 50. Kipindi kizuri ni dakika 15 hadi 30 baada ya jua kuzama: anga ni ya buluu, taa zimewaka, na vivuli vya kuta bado unaweza kuving'arisha baadaye kwenye faili ya RAW, yaani picha ghafi. Ukichelewa, kuta zitadai nusu sekunde wakati mwezi unataka 1/100, na hapo fremu moja haitoshi tena.

Kwa mapaa, piga siku yenyewe ya mwezi mpevu. Kwa ncha ya mnara, piga siku moja kabla, maana kwa kawaida mwezi unatangulia na unafika juu kabla giza halijaingia. Ncha ile ni ya chuma cha kalibu chenye matundu, iliyowekwa baada ya radi ya 1835 kuuunguza mnara. Mwezi ukiwa nyuma yake, mwanga unapenya katikati ya vyuma. Hiyo ndiyo picha ya kuifukuzia.

Msafiri_Unguja: Ahsanteni sana. Je, nikiunganisha fremu mbili? Na kwa nini kingo za mwezi hutoka zikitetemeka hata kwenye stendi?

Dira_na_Lenzi: Ziunganishe, ila zote mbili zipigwe ndani ya dakika moja na kwa urefu uleule wa lenzi. Mwezi husogea upana wake mzima kwa dakika mbili. Mimi ningepigania fremu moja.

Bi_Shata: Kutetemeka kuna sababu tatu. Kwanza, maji yasiyoganda kati yako na kanisa yana joto kuliko hewa, hivyo mvuke unapanda mbele ya lenzi. Siku ya baridi kali unaona kama moshi juu ya maji. Mabomba ya moshi nayo yanafanya vivyo hivyo, basi chagua paa lisilotoa moshi. Tatu, lenzi iliyotoka ndani ya nyumba: iache nje nusu saa kwanza. Palipo na sakafu ya mbao, ngoja wapita njia waishe, zima kitulizi cha lenzi (kinachozuia mtikisiko wa mkono) na tumia kicheleweshi cha sekunde 2.

Kwa milimita 400 na f/8, mnara na mwezi havitakuwa vikali vyote kwa pamoja. Nenda f/11, weka fokasi kwenye mnara, kisha kuza kwenye skrini ukague ukingo wa mwezi.

Betri za akiba ziweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Ukimaliza, funga kamera kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, na usiufungue nyumbani kabla ya saa moja au mbili, la sivyo umande utatanda kwenye vioo vya ndani. Kadi itoe kabla ya kufunga mfuko.