Koili yangu ameivaa KICHWANI mbele ya wateja!!!

Wa_Mtopanga:
Ndugu zangu, mkono bado watetemeka, nikikosea herufi mnisamehe. Nimetoka dukani kwake sasa hivi. Jina sitaji, ya nini? Kila aliyewahi kushika mashine ya kutafuta chuma mji huu anamjua. Yule yule. Wa kiti cha plastiki mlangoni. Wa "hii haitengenezeki, nunua nyingine".

Amechukua koili yangu, lile duara la waya linalonusa chuma, koili niliyoisuka kwa mikono yangu, akaivaa kichwani.

KICHWANI. Duka limejaa wateja, muuza kahawa naye amesimama hapo na dele lake. Bwana mkubwa akajizungusha, akauliza, "Mwaonaje, nimependeza?" Watu wakaangua kicheko, nadhani hata Lamu walisikia.

Na nilifuata nini kwake? Plagi! Plagi ya kuungia koili kwenye mashine, basi. Niliibeba koili ili tulinganishe pini, nisije nikanunua isiyoingia. Akaishika, akaigeuza, akaigonga kwa kucha. "Umetengeneza mwenyewe?" Nikamjibu ndio, tena kwa furaha. Hapo ndipo ikapanda kichwani.

Hakupima chochote! Mita anayo mezani, imelala pale na vumbi lake. Angepima angekuta mizunguko 20 ya waya wa shaba wa nusu milimita, upana sentimita 26, maikrohenri karibu 300, ukinzani haufiki ohm 2. Mashine nyingi za PI, zile zinazotuma umeme kwa mapigo, ndivyo zinavyotaka. Nimeibana kwa uzi duara zima waya usicheze. Nimeipaka grafaiti, ile nyeusi ya penseli, iwe kinga ya kelele za stima, na kwenye hiyo grafaiti nimeacha pengo, maana kinga ukiiunganisha duara kamili inageuka mzunguko uliofungwa na kuila nguvu koili yenyewe. Mambo haya yeye ayajua? Halafu gundi ya epoksi, nikaimimina kidogo kidogo isichemke. Nimekwenda nayo ufuo wa Pirates, pale mchanga umelowa maji ya chumvi, ikatulia kimya mpaka ilipopita juu ya sarafu. Zile mashine zake za frikwensi moja ukizifikisha hapo zalia tangu unaingia mpaka unatoka, maana maji ya chumvi yapitisha umeme nazo hazijui kuyapuuza.

Sasa mtu kaivaa kichwani! Na kichwa chenyewe kikubwa, wallahi, chafaa kuwekewa kibao cha mtaa. Ikakwama sikioni. Akaivua kwa kuvuta WAYA. Waya, jamani! Pale pale palipochomelewa risasi!

Plagi sikununua. Nimerudi na koili kwapani, na nyuma yangu mmoja anaita, "Kofia bei gani?"

Nataka mniambie, mtu mzima anavaaje koili ya mwenzake kichwani?

Bisibisi_Changamwe:
Pole sana babu. Huyo mimi nilimpelekea mashine ikiwa na betri, ikarudi haina. Nikamuuliza betri ziko wapi, akanijibu, "Betri gani?" Mpaka leo ndilo jibu nililo nalo.

Mvuvi_wa_Shanzu:
Swali moja tu. Ilimtosha?

Wa_Mtopanga:
Ndugu, mimi siko kwenye mzaha. Kaivuta kwa waya!

Mvuvi_wa_Shanzu:
Hata mimi siko. Sentimita 26, na jua hili la kaskazi, hiyo ni biashara. Mwekee ukingo.

Mama_Swafiya:
Afadhali yako imevaliwa. Yangu nyumba nzima imejaa misumari na vizibo vya soda. Mume akirudi pwani amwaga mezani nilipoweka mahamri, ati "huenda kuna pete humo". Hiyo PI yenu haichagui, yaokota kila chuma. Nitamlalamikia nani mimi?

Nahodha_Mstaafu:
Kosa la msingi ni PI. Angeshika mashine inayobagua vyuma na kuisukia DD, koili ya D mbili zinazolaliana, asingechimba vizibo vyote hivyo.

Bisibisi_Changamwe:
Nahodha, DD umeisuka lini wewe? Hiyo ni kazi ya kukosesha watu usingizi. Unasogeza D moja juu ya nyingine nywele kwa nywele mpaka ile ya kupokea isiisikie ile ya kutuma, inyamaze, unamwaga epoksi, unalala. Asubuhi epoksi imekauka na kuvuta, ule utulivu wote haupo.

Nahodha_Mstaafu:
Ndiyo maana hufungi yote kwa mara moja. Unashika sehemu kubwa kwanza, unabakisha kitanzi kidogo cha kurekebishia, hicho unakifunga mwisho. Vijana hamna subira.

Wa_Mtopanga:
Jamani, uzi huu ni wa kichwani. KICHWANI, mbele ya muuza kahawa.

Kibokoni_Kwetu:
Kwani yuatafuta nini hata akahitaji koili? Dhahabu ya Wareno? Meli yao, Santo António de Tanná, ilizama chini ya Fort Jesus 1697, na wapiga mbizi walishaanza kuichimba tangu 1977. Umechelewa, yakhe. Tena ukiokota cha kale ni mali ya turathi, peleka Makumbusho.

Wa_Mtopanga:
Natafuta pete na herini za watu waliopoteza wakiogelea! Kusi ikivuma mchanga wahama, vitu vyaibuka. Nimeshawarudishia watu vitu vyao. Na huyo ndiye avaliwe koili yake kichwani?

Bisibisi_Changamwe:
Kwa hasira zangu mimi, aliyeniumiza kuliko wote ni yule wa waya. Aliniuzia "shaba safi". Nimekwangua rangi, ndani nyeupe. Aluminiamu! Risasi inateleza tu, haishiki. Koili nzima nimeitupa.

Mama_Swafiya:
Yule mwenye mizani?

Bisibisi_Changamwe:
Huyo huyo!

Mvuvi_wa_Shanzu:
Subhanallah, huyo kanipimia waya pamoja na spuli ya chuma. Nimelipia spuli kwa bei ya shaba.

Nahodha_Mstaafu:
Na mizani yenyewe ameiegemeza ukutani. Mimi nilimwambia aisogeze, akakataa.

Kibokoni_Kwetu:
Ala! Kumbe si mimi peke yangu. Huyu astahili uzi wake.

Wa_Mtopanga:
Lakini wangu je?

Bisibisi_Changamwe:
Naufungua sasa hivi. Mwenye picha ya ile spuli aje nayo.