Mrejesho: ile mazabodi ndogo ya bei chee nimeichukua

Wakuu, mimi ndo yule niliyeuliza kama mazabodi (ile bodi kuu ya kompyuta inayobeba vifaa vyote) ya mini-ITX, yaani saizi ndogo, ya bei chee inamfaa mtu wa kawaida, kazi zangu kuandika, kuperuzi na katuni za watoto basi. Wengi mlisema nichukue micro-ATX, ile saizi kubwa kidogo, nikawa mbishi sababu nilitaka kikompyuta kikae nyuma ya TV.

Nimeitumia mwezi mzima na kwa kazi hizo haijanizingua, inawaka fasta, SSD ya M.2 (diski ya kuhifadhia, nyembamba kama kijiti) imechomekwa hukohuko kwenye bodi. Ila kuifunga jamani! Bodi yenyewe sentimita 17 kwa 17, sasa feni ya prosesa ikishakaa huoni hata pa kuchomeka ule waya wa swichi ya kuwashia, nikabaki namulika na tochi ya simu huku nimeshika kibano cha nyusi cha wife, na vile vijipini vya chuma vya kuchomekea waya ukikipinda kimoja umekwisha.

Halafu mara ya kwanza feni inazunguka, kioo giza, kumbe BIOS (programu ya kwenye bodi inayoamsha kompyuta) ni ya zamani, haiitambui prosesa yangu. Mmoja wenu alinionya nikapuuza (samahani mkuu). Nikaazima prosesa ya toleo la nyuma nikaapdeti BIOS, ndo ikakubali.

Kwenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) mlikuwa sahihi kuwa nafasi ni finyu, sloti mbili tu na mimi nimeshaziba zote na GB 4 mbili, nikitaka kuongeza inabidi nizing'oe. Walau RAM zikiwa mbili zinafanya kazi pamoja, na grafiki ya ndani ya prosesa (inayotumia RAM hiyohiyo kuonyesha picha) inapumua. Sloti ya PCIe (ya kuchomeka kadi za ziada kama ya grafiki) ni moja, sijaigusa bado.